Nusu ya Kesi ya Yordani

Mwaka wa 1968 Yordani Mhina alikuwa na miaka ishirini na saba, na furaha zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kozi ya uhakimu. Ya pili ilikuwa Bernadina.

Kabla ya hapo alikuwa karani wa mahakama kule Handeni. Kwa miaka sita aliandika kesi za watu wengine, mpaka akawa anaweza kumtazama mlalamikaji akiingia mlangoni na kujua kama ana kesi au ana hasira tu. Serikali ilikuwa inatafuta mahakimu wa mahakama za mwanzo, na jina lake likapelekwa. Akaja Korogwe, yeye na wenzake kumi na mmoja, kusoma sheria ya jinai kwa miezi minne katika banda la zamani la kuhifadhia mahindi, nyuma ya stesheni. Madirisha ya banda hilo yalikuwa mapana na hayakuwa na vioo. Treni ya Tanga ikipita, somo lilisimama. Ikishapita, kila mtu alikuwa amesahau jibu lake.

Mwalimu wao aliitwa Mzee Bonaventura, hakimu mstaafu, mfupi wa kimo na mrefu wa maswali. Kitabu cha Kanuni ya Adhabu alikuwa nacho, lakini mara nyingi alikikalia.

"Abdi," alimwambia mwanafunzi mmoja wiki ya kwanza, "umetoka msikitini, umevaa kandambili za mwenzako ukidhani ni zako. Umeiba?"

"Sijaiba, mzee. Sikujua."

"Lakini mwenzako amerudi kwake peku."

"Nimekosea, mzee, sikuiba."

"Vyema. Kesho yake unazitazama, unagundua si zako. Tena ni mpya kuliko zako. Unanyamaza, unaendelea kuzivaa. Sasa je?"

Darasa likaangua kicheko, maana Abdi kweli alikuwa amevaa kandambili mpya, na alikuwa anairudisha miguu yake taratibu chini ya benchi.

"Kosa lina miguu miwili," mzee aliwaambia. "Kitendo na nia. Ukiukosa mmoja, kosa haliwezi kutembea mpaka gerezani. Kazi ya hakimu ni kutazama miguu yote miwili kabla hajashika kalamu."

Basi wakawa hawana mazungumzo mengine. Njiani kwenda kula walibishana. Mtu akikujia na panga ukamvunja mkono kwa mpini wa jembe, una hatia? Na kama ulimvunja mkono wakati ameshatupa panga na anakimbia? Mlevi aliyelewa kwa hiari yake, je? Na yule aliyetiliwa pombe kwenye togwa bila kujua? Mama ntilie aliyewapikia aliwaambia kwamba hajawahi kuona watu wazima wanaogombana hivyo halafu wanagawana kipande cha mwisho cha nyama.

Jumamosi zote Yordani alipanda baiskeli kwenda Ngombezi, kwenye shamba la mkonge, kumsalimia Bernadina na wazazi wake. Bernadina alikuwa anafundisha watu wazima kusoma pale kambini, jioni wakishatoka kazini. Yordani alimwona mara ya kwanza stesheni, amebeba furushi la mbao za kuandikia, anamkemea mpagazi aliyetaka kulikalia. Barua ya posa ilikuwa imeshajibiwa na siku ya harusi imetajwa. Walikuwa wakitembea kando ya mistari ya mkonge, yeye akimweleza yote aliyojifunza wiki hiyo. Mwanamume mwingine angemsifia macho. Yordani alimweleza tofauti ya wizi na unyang'anyi, na Bernadina alisikiliza, akauliza, akakosoa, na wote wawili wakaona hayo ndiyo mapenzi.

Baba yake Bernadina, mzee Mikaeli, alifanya kazi kwenye korona, ile mashine kubwa inayokamua majani ya mkonge. Alikuwa mtu wa maneno machache, na pia balozi wa nyumba kumi pale kambini. Mama yake, mama Grasiana, alikuwa katika chumba cha brashi, ambako singa, zile nyuzi za mkonge, husuguliwa mpaka zing'ae. Mashine za huko zina kelele, na waliozizoea husema kwa sauti ya juu hata kanisani. Mama Grasiana alimpenda mkwe wake huyo. "Hakimu!" alikuwa akisema dirishani ili majirani wasikie. "Mkwe wangu anasomea uhakimu!"

*

Alhamisi moja ya gulio, Mzee Bonaventura aliamua kuwatega wanafunzi wake.

Alikuwa ameazima kizimba kibovu kutoka baraza la zamani, akakisimamisha kando ya dirisha. Abdi alipewa kazi ya kuwa hakimu. Hamisa, ambaye kabla ya kozi alikuwa mwalimu wa shule, akawa mlalamikaji. Yordani akawa mshitakiwa. Mzee akamwita pembeni.

"Hadithi yako ni hii," alimnong'oneza. "Mwaka jana ulipotewa na mbuzi mwekundu, sikio limechanika. Juzi ukamwona mbuzi mwekundu mwenye sikio lililochanika kwa jirani. Ukajua huyu ni wangu. Ukamchukua. Kumbe si wako, wamefanana tu. Sasa Abdi akikusomea shitaka, wewe sema: ni kweli, nilimchukua. Basi. Usiongeze neno. Nataka nione Abdi atafanya nini."

Hamisa alilia vizuri kupita kiasi. Watu wa gulioni, waliokuwa wanapita na vikapu vyao, wakasikia kilio, wakasogea. Mara madirisha yote yakajaa vichwa.

Kati ya vichwa hivyo kimoja kilikuwa cha mama Grasiana. Alikuwa amekuja Korogwe kununua vitenge vya harusi, na alikuwa navyo mkononi, vimefungwa kwa gazeti. Alimwona mkwe wake amesimama kizimbani, mikono nyuma.

"Yordani Mhina," Abdi alisoma kwa sauti ya kutisha, "unashitakiwa kwa wizi wa mifugo. Inasemekana kwamba uliiba mbuzi mmoja mwekundu, sikio limechanika, mali ya mlalamikaji. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, mheshimiwa," alisema Yordani. "Nilimchukua mbuzi wa mama huyu."

Dirishani watu walinong'ona. Abdi aliinamisha kichwa akaandika.

"Anaandika nini?" mama Grasiana alimwuliza mtu aliyekuwa karibu yake.

"Ameandika kwamba amekiri. Hapo kesi imekwisha, mama. Wizi wa mifugo haupunguzwi. Ni miaka miwili, na viboko ishirini na vinne. Kumi na viwili siku ya kuingia, na kumi na viwili siku ya kutoka."

Mtu huyo alisema kweli. Ndivyo sheria ya wakati ule ilivyokuwa, na hakuna aliyekuwa haijui. Mama Grasiana alikumbatia vitenge vyake, akageuka, akaondoka haraka kama mtu anayekimbia mvua. Kwa hiyo hakumwona Mzee Bonaventura akipiga meza kwa kiganja.

"Abdi! Umeandika nini?"

"Amekiri kosa, mzee."

"Amekiri kitendo! Nia yake umeiuliza? Amesema nilimchukua. Amesema niliiba? Umemfunga mtu asiye na hatia, na viboko umempa, na wewe kesho unakwenda kula chakula chako vizuri!"

Wakaendelea na kesi mpaka saa saba, na mwisho wake mshitakiwa aliachiliwa huru. Watu wa dirishani walipiga makofi. Lakini mama Grasiana wakati huo alikuwa ameshafika nusu ya njia ya Ngombezi.

*

Jumamosi Yordani alifika kambini kama kawaida, sukari kilo mbili imefungwa nyuma ya baiskeli. Hakuna aliyekuja kumpokea. Mama Grasiana alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Ilikuwa marahaba ya chini sana, naye alikuwa mtu wa brashi. Yordani akadhani kuna msiba.

Ndani alimkuta mzee Mikaeli ameketi, na kando yake mtu mnene aliyevaa koti la kazini, jirani wa nyumba ya tatu aitwaye Habakuki. Majirani walimwita baba Yuditha, kwa jina la binti yake. Bernadina alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha ndani, na kwa kumtazama tu Yordani alijua kwamba alikuwa amelia, na kwamba sasa alikuwa amekasirika, wala si yeye anayekasirikiwa.

"Kijana," alisema Habakuki, "mbuzi wangu yuko wapi?"

"Mbuzi gani, baba?"

"Jike langu limepotea tangu Jumanne. Alhamisi wewe umekiri mahakamani kwamba umeiba mbuzi. Mama Grasiana amekuona kwa macho yake. Sasa nauliza kwa upole, kabla sijakwenda polisi. Yuko wapi? Umemla?"

Yordani alielewa yote kwa mpigo mmoja, na akafanya jambo baya kuliko yote aliyoweza kufanya. Alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Anacheka!" alisema Habakuki. "Balozi, unamwona?"

"Samahani, baba. Samahani, mzee. Ile haikuwa mahakama. Lilikuwa darasa. Mimi nilipewa kazi ya kuwa mshitakiwa. Hakuna mbuzi. Mbuzi yule alitungwa na mwalimu."

"Niliona kizimba," alisema mama Grasiana. "Niliona hakimu anaandika. Nilimwona mwanamke wa watu analia machozi."

"Ni Hamisa, mama. Analia hivyo hata tukimwomba kwa mzaha."

"Na wewe ulisema ni kweli."

"Nilisema."

Mama Grasiana akakaa chini. Kilichomwumiza hakikuwa mbuzi. Mwezi mzima alikuwa amelitangaza neno hakimu dirishani, na sasa dirisha hilohilo lilikuwa limejaa masikio.

Bernadina ndiye aliyesema. "Mama, ulipokuwa pale, alisema nimeiba, au alisema nimechukua?"

"Kuna tofauti gani?"

"Kwa Yordani ipo. Ananichosha nayo kila Jumamosi."

Mama Grasiana alifikiri. Alikuwa mtu wa sauti, lakini hakuwa mtu wa uongo. "Alisema nilimchukua," alijibu.

"Maneno tu hayo!" alisema Habakuki. "Mbuzi wangu hayupo. Mtu amekiri. Hesabu ya moja na moja hiyo."

Mzee Mikaeli alinyanyua mkono, na wote wakanyamaza, kwa sababu mtu wa korona akitaka kusema huwa ana jambo. "Mimi ni balozi," alisema. "Na huyu ni mkwe wangu. Siwezi kumhukumu leo, watasema nimependelea. Siwezi kumfukuza leo, nitakuwa nimemwonea. Kesho baada ya ibada, hapa nje, mbele ya nyumba zote kumi. Kijana, mlete huyo mwalimu wako."

Yordani alirudi Korogwe na sukari yake ikiwa bado imefungwa nyuma ya baiskeli.

*

Mzee Bonaventura aliposikia habari hizo hakusikitika hata kidogo. Alivua kofia, akaivaa tena, akasema kwamba kwa miaka thelathini ya kazi hajapata kuona somo linaloingia watu namna hiyo. Jumapili alikuja Ngombezi na darasa zima, wengine kwa baiskeli na wengine kwa miguu, Hamisa akiwa mbele kwa sababu alitaka kuonyesha kwamba yu mzima na hajaibiwa kitu.

Watu hawakuwa wa nyumba kumi tu. Nusu ya kambi ilikuja. Wakaleta vigoda, mikeka na mahindi ya kuchemsha.

Mzee Bonaventura alisimama, akaeleza kwamba lilikuwa zoezi, mbuzi alikuwa wa kutungwa, na mlalamikaji ni huyu hapa. Hamisa akasimama akainama kidogo. Watu wengi walicheka, wakaridhika. Habakuki hakucheka.

"Mwalimu anamtetea mwanafunzi wake," alisema. "Hata mimi ningemtetea wangu. Nasema hivi: kijana aliiba mbuzi wangu Jumanne, na Alhamisi roho yake ikamsuta, maneno yakamtoka mdomoni hapohapo katikati ya huo mchezo wenu. Mbuzi wa mchezo ametoka wapi, kama si kwa mbuzi wa kweli?"

Ilikuwa hoja, na Yordani mwenyewe aliona kwamba ilikuwa hoja nzuri. Alifungua kinywa kujibu, lakini Bernadina alikuwa ameshasimama.

"Baba Yuditha, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbuzi wako alikuwa wa rangi gani?"

"Mweupe. Ana baka jeusi mgongoni."

"Masikio yake?"

"Mazima, yote mawili. Mbuzi wangu ni mzuri."

Bernadina akamgeukia mama yake. "Mama, wewe ulikuwepo dirishani. Alikiri kumchukua mbuzi wa namna gani?"

Hapo mama Grasiana alikuwa na njia mbili, na watu wote walimtazama. Angeweza kusema kwamba hakusikia. Alisimama, akakaza kitenge kiunoni, akasema kwa sauti ya chumba cha brashi: "Mwekundu! Sikio limechanika! Nilisikia vizuri kabisa."

"Na Jumanne," aliongeza Abdi, aliyekuwa amekuja na daftari la mahudhurio chini ya kwapa, "Yordani alikuwa darasani tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja. Jina lake hili hapa. Siku hiyo tulisoma habari za kujihami, naye alinishinda."

Habakuki alilitazama daftari, akamtazama Yordani, akafuta jasho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepotewa na mbuzi. "Sasa," alisema kwa sauti iliyoshuka, "kama si huyu, ni nani aliyemwiba?"

Mzee Bonaventura alikuwa anaanza kusimama, lakini mama Grasiana alikuwa bado hajakaa.

"Baba Yuditha," aliuliza, "wewe nani alikuambia kwamba ameibwa?"

"Si wewe! Alhamisi!"

Watu wakacheka, naye mama Grasiana akacheka pamoja nao. "Hiyo ni Alhamisi. Jumanne na Jumatano je? Ulimtafuta wapi?"

"Nilitazama pale ninapomfunga. Nikatazama kisimani."

"Basi?"

"Nimtafute wapi tena? Kamba ilikuwa imekatika."

"Imekatika au imekatwa?"

"Imekatika," alisema. "Imetafunwa."

"Alikuwa na mimba?"

"Alikuwa amekaribia."

Wanawake wote wakaguna kwa pamoja, mguno mmoja mrefu, na wengine wakaanza kusimama na kujifunga khanga vizuri kabla hata ya kuambiwa. Mbuzi aliyekaribia kuzaa hujitenga, kila mwanamke pale alilijua hilo. Habakuki naye alilijua, lakini hasira ilikuwa imemtangulia. Mzee Bonaventura alimgeukia Hamisa akasema taratibu, "Swali hilo lilikuwa langu mimi kulifundisha. Kabla ya kuuliza nani kaiba, uliza kama kuna kilichoibwa."

Kambi nzima ikaingia shambani. Walijipanga mstari mmoja mmoja kati ya safu za mkonge, wakitembea kwa uangalifu kwa sababu ncha za mkonge hazimjui balozi wala hakimu. Waliita, walipiga mluzi, waliimba. Yordani na Bernadina walipata safu zilizopakana, wakawa wanaongea juu ya majani.

"Ulicheka jana," alisema Bernadina. "Ungeniuliza mimi kwanza, ningekuambia usicheke."

"Mshitakiwa ana haki ya kunyamaza. Nilipaswa kuitumia."

"Na mimi nilikuamini, lakini nililia. Vyote viwili."

Yordani alinyoosha mkono kati ya majani ili amshike, akachomwa na mwiba, na Bernadina akacheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Ilikuwa sauti ya mzee Mikaeli iliyotoka mbali, upande wa mfereji wa zamani. Hakuwahi kusikika akipaza sauti kabla ya siku hiyo. "Huku! Njooni huku! Watatu!"

Mbuzi mweupe mwenye baka jeusi alikuwa amelala penye nyasi chini ya mkonge mkubwa uliotoa mlingoti wa maua, anatafuna bila wasiwasi. Kando yake walikuwa wana wawili, mmoja mweupe na mmoja mweusi tii, miguu bado inawatetemeka. Watu walipiga vigelegele hata ndege wakaruka. Habakuki alipiga magoti kwenye tope, akamshika mbuzi wake kichwa, akasema maneno ambayo hayakusikika. Kisha akasimama, akamwendea Yordani mbele ya watu wote.

"Mwanangu," alisema, "nimekukosea. Nimekuita mwizi nyumbani kwa wakwe zako."

"Ulidhani hivyo kweli, baba?"

"Nilidhani hivyo kweli."

"Basi hukuwa na nia mbaya," alisema Yordani, na akampa mkono.

*

Ikabaki mama Grasiana. Kwa desturi, mama mkwe hamwombi radhi mkwe wake hivihivi, na kwa tabia yake alikuwa hajamwomba radhi mtu tangu aanze kazi ya brashi. Alipika. Alimpelekea Yordani sahani ya kwanza, kabla hata ya mwalimu wake, na nyama yote nzuri ikiwa upande mmoja. Halafu akasimama pale anakaza tena kitenge ambacho hakikuwa kimelegea.

"Ile kesi," alisema. "Mimi nilisikia nusu."

"Ndiyo, mama."

"Mwisho wake ulikuwaje?"

"Niliachiliwa, mama."

"Kwa nini? Si ulikiri?"

Yordani alianza kumweleza, lakini mama Grasiana alimkatiza kwa mkono. "Hapana. Kueleza si kuona. Nataka niione yote."

Mzee Bonaventura alikuwa na kinywa kimejaa wali, lakini alisikia. Jumapili iliyofuata darasa lilirudi Ngombezi na kizimba kikiwa kimefungwa juu ya mkokoteni. Safari hii mzee alisema kwamba mahakama ya mwanzo haikamiliki bila washauri wawili, wananchi wenye busara wanaokaa na hakimu. Akamteua mzee Mikaeli awe mmoja. Wa pili akamteua mama Grasiana. Mama Grasiana alikuwa amevaa nguo yake ya Krismasi.

Kesi ikasomwa upya. Yordani akasema ni kweli, nilimchukua. Safari hii Abdi hakushika kalamu. Akauliza, "Ulimchukua kwa sababu gani?" Yordani akaeleza juu ya mbuzi wake aliyepotea mwaka uliopita, rangi ileile, sikio lilelile. Hamisa akalia, akaapa kwamba mbuzi huyo amezaliwa mikononi mwake, akaleta na shahidi. Wafanyakazi wa mkonge walikaa wamekodoa macho. Mwingine alisema afungwe, mwingine alisema aachwe, na wawili waliokuwa wamekaa mkeka mmoja wakahamia mikeka tofauti.

"Washauri wana swali?" aliuliza Abdi.

Mzee Mikaeli alitikisa kichwa. Mama Grasiana alisimama.

"Mshitakiwa, ulimchukua saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi, mheshimiwa mshauri."

"Ulipita wapi naye?"

Swali hilo halikuwa kwenye hadithi ya Mzee Bonaventura. Yordani alifikiri. "Nilipita njia kubwa," alisema. "Mbele ya nyumba ya mlalamikaji."

"Ulimfunika?"

"Hapana."

"Ulikutana na watu?"

"Wengi. Nikawaambia, jamani, nimempata mbuzi wangu."

Mama Grasiana akawageukia watu wa kambi. "Mimi nimeibiwa mara tatu maishani mwangu," alisema. "Kuku, ndoo na mwavuli. Hakuna mwizi hata mmoja aliyepita mbele ya mlango wangu saa nne akinisalimia. Huyu alikosea. Amrudishe mbuzi wa watu, aende nyumbani. Jela hapana."

Makofi yakavuma. Mzee Bonaventura alivua kofia na safari hii hakuivaa tena. Baadaye alimwambia Yordani kwamba kipengele hicho cha sheria, cha mtu anayechukua kitu kwa kuamini kwa dhati kwamba ni haki yake, amekifundisha kwa vitabu kwa muda mrefu, na kwamba angemjua mama huyu mapema asingehangaika na vitabu.

Miezi miwili baadaye matokeo ya mtihani yalitoka. Yordani alikuwa wa pili, Hamisa wa kwanza. Harusi ilifanyika Ngombezi, na vile vitenge vilivaliwa. Ngoma zilipigwa tangu asubuhi mpaka jua linazama. Mzee Mikaeli alicheza, jambo ambalo watu wa korona walilizungumzia kwa mwezi mzima, na Abdi alitoa hotuba ndefu mpaka akavutwa shati.

Yordani akapangiwa mahakama ya Kwamsisi, kwao Handeni. Walisafiri kwa basi, Bernadina amekaa dirishani na sanduku la mbao za kuandikia mapajani, maana huko nako alikuwa ameahidiwa darasa. Vumbi liliwapaka wote wawili rangi moja. Jumatatu asubuhi, alipoingia mahakamani mara ya kwanza kama hakimu, watu wote walisimama. Mstari wa mbele alisimama pia mzee mmoja wa Kizigua, mshauri wa mahakama, ndevu nyeupe, anaegemea fimbo, akisubiri hakimu aketi.

Yordani alijua kwamba hakimu hutakiwa kukaa kwanza. Alibaki amesimama, faili mkononi, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mheshimiwa," alijibu mzee, huku akitabasamu. "Keti, mwanangu, tuanze. Watu wametoka mbali."

Yordani akaketi, akafungua faili la kwanza, na kalamu akaiacha mezani.